Utafiti wa akili mnemba katika vyuo vikuu vya Austria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanafunzi, mhadhiri au mtafiti anayetaka kujua nani anafanya nini Austria katika akili mnemba (wengine husema akili unde), na namna ya kuingia huko. Tumeyaandika kwa watu wa fani zote, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi nzuri inafanyika nje ya vitivo vya kompyuta.

Nianze kutafuta chuo gani?

Anza na swali lako, chuo kitafuata. Austria ni nchi ndogo na kila mji umeshika upande wake. Linz, kwenye Chuo Kikuu cha Johannes Kepler (JKU), ni nyumbani kwa mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutoka kwa mifano kwa kuiga kidogo seli za ubongo. TU Wien, chuo kikuu cha teknolojia cha Vienna (Wien ni Vienna kwa Kijerumani), ina nguvu katika mantiki na akili mnemba inayofuata kanuni; Thomas Eiter na wenzake wamejulikana miaka mingi kwa programu za mantiki. TU Graz, chuo kikuu cha teknolojia cha mji wa Graz, ina historia ndefu katika mambo ya ubongo: Wolfgang Maass aliandika mwaka 1997 kuhusu neva zinazotoa mapigo kama kizazi cha tatu cha mitandao ya neva, na Gert Pfurtscheller alijenga hapo utafiti wa kuunganisha ubongo na kompyuta kwa mawimbi ya EEG, yaani umeme wa ubongo unaopimwa juu ya kichwa. Klagenfurt inajulikana kwa mifumo ya kupendekeza bidhaa. Innsbruck ina roboti, fizikia ya kwanta na usomaji wa miandiko ya kale. BOKU ya Vienna, chuo cha kilimo na misitu, ina maabara ya Andreas Holzinger ya akili mnemba inayomweka binadamu katikati. Nje kidogo ya Vienna, mjini Klosterneuburg, ipo ISTA, taasisi iliyofunguliwa mwaka 2009 inayotoa shahada ya uzamivu. Huko Christoph Lampert anashughulikia ujifunzaji wa mashine, na Dan Alistarh namna ya kupunguza ukubwa wa modeli (programu zilizokwisha kujifunza kutoka kwa data) ili ziende kwenye mashine ndogo.

Ipo pia OFAI, taasisi ya utafiti wa akili mnemba iliyoanzishwa Vienna mwaka 1984 chini ya Robert Trappl. Si chuo kikuu, lakini watafiti wengi wa vyuo wamepita hapo.

Kwa nini Linz inatajwa sana?

Kwa sababu ya Sepp Hochreiter. Katika tasnifu yake ya mwaka 1991 alieleza kwa nini mtandao wa neva unaosoma mfuatano mrefu hushindwa kujifunza: ishara ya kusahihisha makosa hufifia kadiri inavyorudi nyuma, hadi inatoweka. Mwaka 1997, pamoja na Jürgen Schmidhuber, alichapisha LSTM, muundo wenye chembe ya kumbukumbu inayohifadhi ishara hiyo. LSTM ilikuja kubeba tafsiri ya mashine na utambuzi wa sauti kwa miaka mingi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba alipohamia Linz mwaka 2006 aliongoza taasisi ya bioinfomatiki. Kundi lake lilifanya kazi na data za jeni na kemia kabla akili mnemba haijawa gumzo, na ndiyo maana mwaka 2014 lilishinda shindano la Tox21, lililotaka modeli zikadirie sumu ya kemikali katika vipimo 12. Ushindi ule ulitokana na watu waliokwisha kuzoea kukaa meza moja na wanakemia. JKU ilianzisha shahada ya kwanza na ya uzamili ya akili mnemba mwaka 2019.

Mimi si mtu wa kompyuta. Je, nina nafasi?

Ndiyo, na mara nyingi nafasi yako ni nzuri kuliko unavyodhani. Wanaojua kufundisha modeli ni wengi. Wanaojua kama jibu la modeli lina maana katika sheria, tiba au muziki ni wachache.

Chukua muziki. Gerhard Widmer wa JKU, aliyepata mwaka 2009 Tuzo ya Wittgenstein, tuzo kubwa ya sayansi ya Austria, ametumia miaka mingi kuuliza kompyuta inaweza kujifunza nini kuhusu namna mpiga kinanda anavyotia hisia. Data muhimu ilitoka Vienna: mwaka 1989 Nikita Magaloff alipiga kazi za Chopin kwenye kinanda cha Bösendorfer chenye vipimo vya kompyuta, na noti zaidi ya 300,000 zikahifadhiwa zikiwa na muda na nguvu ya kila mguso. Ili data ile itumike, kila noti iliyopigwa ililazimika kulinganishwa na noti iliyoandikwa kwenye karatasi ya muziki. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyesoma muziki.

Katika falsafa yupo Mark Coeckelbergh wa Chuo Kikuu cha Vienna, aliyekuwa pia katika kundi la wataalamu la Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba. Katika sheria, chuo hichohicho kina idara ya ubunifu na udijitali inayoongozwa na Nikolaus Forgó. TU Wien nayo ndiyo chimbuko la Ilani ya Vienna ya Utu wa Kidijitali ya mwaka 2019, iliyosukumwa na Hannes Werthner. Ilani hiyo inadai teknolojia ijengwe kwa kufuata thamani za binadamu, na imezaa kozi, mihadhara na fedha za utafiti.

Katika tiba, makosa hutokea wapi?

Swali hili tunalijibu kwa urefu kwa sababu hapa mtu huweza kupoteza mwaka mzima.

Mfano bora ni HAM10000, mkusanyo wa picha za vidonda na madoa ya ngozi uliotolewa mwaka 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna, wakiwemo Philipp Tschandl na Harald Kittler, pamoja na mwenzao wa Queensland, Australia. Una picha 10,015 katika makundi 7, na umetumiwa duniani kote.

Kosa la kwanza: picha 10,015 si vidonda 10,015. Vidonda ni 7,470. Vingine vimepigwa picha zaidi ya moja. Ukizigawa picha kwa bahati nasibu kati ya mafunzo na jaribio, kidonda kilekile kitaangukia pande zote mbili, na modeli itafaulu kwa kukikumbuka. Gawa kwa namba ya kidonda.

Kosa la pili: makundi hayalingani. Madoa ya kawaida yasiyo na madhara ni picha 6,705, melanoma (saratani hatari ya ngozi) 1,113, na kundi dogo kabisa lina picha 115 tu. Modeli inayojibu "doa la kawaida" kila mara itapata karibu asilimia 67 bila kujifunza chochote. Kwa hiyo usiripoti usahihi wa jumla peke yake; onyesha kwa kila kundi ni wagonjwa wangapi waliokamatwa na wangapi waliopitwa.

Kosa la tatu linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Picha zimetoka Austria na Australia, na ngozi nyingi ni nyeupe. Modeli iliyofundishwa hapo haijaona ngozi nyeusi ya kutosha, wala haijaona vya kutosha melanoma ya kwenye nyayo na viganja, mahali ambapo saratani hiyo hujitokeza zaidi kwa watu weusi. Mtu anayetaka kuileta kliniki ya Mwanza au Mombasa lazima kwanza aijaribu kwa picha za wagonjwa wa hapo, zilizothibitishwa na maabara. Matokeo ya Vienna hayawezi kusimama badala ya kipimo hicho.

Na hata uthibitisho umetoka wapi ni swali la kuuliza. Katika HAM10000 zaidi ya nusu ya vidonda vilithibitishwa kwa hadubini. Vilivyobaki kwa njia nyingine, kama ufuatiliaji wa mgonjwa au makubaliano ya madaktari. Ukiwa mtu wa kompyuta, keti na daktari akueleze lebo, yaani jina la ugonjwa lililopewa kila picha, ilipatikanaje kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.

Nina nyaraka za kale. Kuna la kujifunza Austria?

Lipo. Programu ya Transkribus, inayosoma mwandiko wa mkono, ilikuzwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, na tangu 2019 inaendeshwa na ushirika uitwao READ-COOP. Ili kufundisha modeli ya mwandiko mmoja, andaa maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyonakiliwa kwa usahihi, yaani kurasa 25 hadi 75 hivi. Tenga baadhi ya kurasa za kujaribia, usiziguse wakati wa mafunzo. Kinachoangusha watu ni kunakili bila utaratibu mmoja: ukurasa huu umefungua vifupisho, ule umeviacha, na modeli inachanganyikiwa pamoja nawe.

Kwa anayeshika miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ugumu unaongezeka. Nukta juu na chini ya herufi hupotea kwenye picha hafifu, na hati nyingi za zamani hazitofautishi *e* na *i*, wala *o* na *u*. Modeli itakupa herufi. Neno ni kazi ya mtu anayejua utenzi. Panga hatua mbili: kwanza unakili herufi kama zilivyo, kisha uandike kwa Kilatini. Ukizichanganya hutajua kosa limetoka wapi.

"Algoriti ya AMS" ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

AMS ni shirika la umma la ajira la Austria. Mwaka 2018 lilitangaza mfumo wa kukadiria nafasi ya kila asiye na kazi kupata ajira, na kumweka katika kundi moja kati ya matatu. Aliyeonekana kuwa na nafasi zaidi ya asilimia 66 ya kupata miezi 3 ya kazi ndani ya miezi 7 aliingia kundi la juu. Aliyeonekana kuwa na nafasi chini ya asilimia 25 ya kupata miezi 6 ndani ya miaka 2 aliingia la chini. Waliobaki, la kati, na hao ndio waliolengwa kwa msaada mkubwa.

Mfumo ulimpunguzia alama mwanamke kwa kuwa mwanamke, na jukumu la kulea lilihesabiwa kwa wanawake tu. Watafiti wa Akademia ya Sayansi ya Austria na TU Wien waliuchambua pamoja, wakiwemo watu wa sosholojia na wa kompyuta, na ripoti yao ya mwaka 2020 ndiyo inayofundishwa leo. Agosti 2020 Mamlaka ya Ulinzi wa Data iliuzuia, kesi ikaenda mahakamani kwa miaka.

Kitaalamu modeli yenyewe ilikuwa nyepesi, ya takwimu za kawaida. Tatizo lilikaa kwenye kinachotabiriwa: soko la ajira la jana, pamoja na ubaguzi wake, liligeuzwa kuwa hukumu ya kesho. Mtu wa kompyuta peke yake angeangalia asilimia za usahihi na kuridhika.

"Bilateral AI" ni mradi gani?

Ni mradi mkubwa wa pamoja ulioanza 2024 kwa fedha za FWF, mfuko wa sayansi wa Austria. JKU inaongoza, wengine ni TU Wien, TU Graz, Klagenfurt, WU Wien (chuo kikuu cha uchumi na biashara) na ISTA. Lengo ni kuunganisha pande mbili zilizoishi mbali: mitandao ya neva inayojifunza kutoka kwa data, na mantiki inayofuata kanuni. Kwa anayetafuta nafasi ya uzamivu, ni mahali pa kuangalia kwanza kama unapenda hesabu.

Nitampataje msimamizi?

Katika vyuo vingi nafasi ya uzamivu ni ajira. Inatangazwa, unaomba, unahojiwa. Soma matangazo kwenye tovuti ya chuo kila wiki, kwa sababu mengi hukaa wiki chache tu. Ukimwandikia profesa, barua isizidi nusu ukurasa: tatizo unalotaka kulifanyia kazi, chapisho lake moja ulilosoma na swali linalotokana nalo, data uliyo nayo au unayoweza kuipata, na ulichokwisha kufanya kwa mikono yako. Ambatisha wasifu na matokeo ya masomo. Barua inayoanza kwa sifa nyingi kisha ikasema "niko tayari kufanya mada yoyote" hufutwa, kwa sababu inamwachia profesa kazi ya kukutafutia mada.

Kuhusu data, liseme wazi. Mtu mwenye rekodi za hospitali, sauti za lugha isiyo na maandishi mengi au picha za mashamba, pamoja na ruhusa ya kuzitumia, ana kitu ambacho maabara ya Vienna haiwezi kukinunua.

ISTA ni tofauti. Unaomba kwa programu nzima, mwisho wa kupokea maombi kwa kawaida ni tarehe 8 Januari, na unaweza kuingia hata ukiwa na shahada ya kwanza tu. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Kwenye vyuo vikuu vya kawaida uzamili ni lazima. Vyuo vya sayansi tumizi, vinavyoitwa Fachhochschule, havitoi uzamivu vyenyewe. Profesa wa huko hushirikiana na chuo kikuu.

Malipo yakoje?

Msaidizi wa utafiti anayesoma uzamivu hulipwa kwa mkataba wa pamoja wa vyuo vikuu. Mwaka 2025 kiwango cha kazi kamili kilikuwa euro 3,714.80 kwa mwezi kabla ya makato. Ajira nyingi ni za saa 30 kwa wiki, yaani robo tatu: euro 2,786.10. Mshahara hulipwa mara 14 kwa mwaka. Soma tangazo vizuri: saa 20 na saa 30 zina tofauti kubwa ukishalipa pango la nyumba.

Mwanafunzi asiye raia wa Umoja wa Ulaya hulipa ada ya euro 726.72 kwa muhula katika vyuo vya umma, pamoja na mchango mdogo wa chama cha wanafunzi. Vyuo kadhaa husamehe au hurudisha ada kwa raia wa nchi zilizo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo, Kenya haimo. Kila chuo kina kanuni yake, kwa hiyo uliza ofisi ya udahili kwa maandishi.

Nimeshamaliza uzamivu. Kuna ruzuku gani?

FWF ina ESPRIT, ya miezi 36, kwa waliomaliza uzamivu ndani ya miaka 5. Vipindi vya uzazi na malezi huongezewa muda. Unahitaji taasisi ya kukupokea. Andiko ni la Kiingereza, na wanaolipima wako nje ya Austria, kwa hiyo kujuana na watu Vienna hakusaidii. Maelezo ya mradi yana ukomo wa kurasa, na ukivuka au ukisahau kiambatisho andiko linaweza kurudishwa bila kusomwa. Lazima pia ueleze masuala ya maadili na ya jinsia, hata pale unapoona hayahusu mradi wako: eleza kwa nini hayahusu. Machapisho yote yatakuwa huria kwa msomaji.

Kwa ushirikiano wa vyuo vyetu na vya Austria, tazama programu ya APPEAR inayosimamiwa na OeAD, shirika la Austria la ushirikiano wa elimu, kwa fedha za ushirikiano wa maendeleo wa Austria. Uganda imekuwa miongoni mwa nchi zake. OeAD hutoa pia ufadhili wa Ernst Mach kwa ziara za miezi kadhaa.

Kompyuta zenye nguvu zinapatikanaje?

Vyuo vinashirikiana kuendesha kompyuta kubwa za Vienna, zinazojulikana kama VSC, na mashine mpya ya MUSICA imegawanywa kati ya Vienna, Linz na Innsbruck. Kazi huwekwa kwenye foleni. Kwa kawaida kazi moja kwenye VSC haizidi saa 72, kisha inakatwa. Hifadhi hali ya modeli kila baada ya saa chache na uhakikishe programu yako inaweza kuendelea ilipoishia. Jaribu hilo siku ya kwanza kwa kazi ya dakika kumi. Anayeligundua saa ya 72 huanza upya. Kosa jingine ni kusoma mamilioni ya picha ndogo moja moja kutoka diski ya pamoja: GPU, chipu inayofanya hesabu za modeli, hukaa bure ikisubiri. Zifunge kwenye mafaili machache makubwa.

Na data za watu?

Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, Kanuni 2024/1689, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, haigusi mfumo uliotengenezwa kwa utafiti wa kisayansi pekee. Watu husoma hapo na kufurahi mapema. Sheria ya ulinzi wa data inabaki palepale, na siku mfumo unapotumika kwa mgonjwa halisi msamaha umekwisha. Kwa data za kitaifa za ajira, elimu au kipato, kuna kituo cha data cha shirika la takwimu la Austria, kilichofunguliwa 2022: taasisi yako husajiliwa, unafanya kazi kwa mbali, na majedwali hukaguliwa kabla hujayachukua. Data za wagonjwa zinataka kamati ya maadili ya chuo cha tiba. Anza hilo mapema, kwa sababu fomu husubiri kikao.

Nikiwa na wasimamizi wawili wa fani tofauti, nijihadhari na nini?

Andikeni makubaliano kabla ya kazi. Kwenye kompyuta, makala ya mkutano mkubwa ndiyo yenye heshima. Kwenye tiba ni jarida. Kwenye sheria, kitabu bado kina uzito. Mtu wa tiba huona jina la mwisho kwenye orodha kuwa la kiongozi, wakati wanahesabu hupanga majina kwa alfabeti. Msipokubaliana, makala moja itakuwa na thamani kwa msimamizi mmoja na bure kwa mwingine. Kila kitivo kina kanuni ya tasnifu inayoundwa na makala: zinahitajika ngapi, na wewe uwe mwandishi wa kwanza katika ngapi. Pata kanuni hiyo kwa maandishi, uiweke kwenye mkataba wa tasnifu, unaoitwa Dissertationsvereinbarung. Chuo Kikuu cha Vienna pia kinakutaka uwasilishe mpango wako hadharani mbele ya kitivo. Wasimamizi wote wawili wawepo siku hiyo.

Kijerumani ni lazima?

Katika maabara za kompyuta na ISTA, hapana. Katika sheria, historia na mahojiano na wagonjwa, ndiyo. Maisha ya ofisi za serikali ni ya Kijerumani kila mahali.

Kibali cha kuishi kinachukuliwaje?

Aliyeajiriwa kama mtafiti huomba kibali kiitwacho "Niederlassungsbewilligung – Forscher", kwa kuambatisha Aufnahmevereinbarung, yaani mkataba wa kupokelewa uliosainiwa na chuo. Anayesoma bila ajira huomba cha mwanafunzi. Uliza mapema ni ubalozi gani wa Austria unaohudumia nchi yako. Vyeti vinavyotoka nchi ambazo hazitumii mhuri wa apostili huthibitishwa kwanza na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha na ubalozi. Kosa la kawaida ni kutafsiri kabla ya kuthibitisha, kwa sababu mihuri mipya hubaki bila tafsiri na kazi hurudiwa. Thibitisha, kisha tafsiri, kisha peleka. Anza siku unayoomba nafasi, usisubiri ukubaliwe.

Kiswahili kina mahali katika utafiti huu?

Chuo Kikuu cha Vienna kinafundisha Kiswahili katika idara ya taaluma za Afrika. Ukiwa na mradi wa sauti au maandishi ya Kiswahili, andikia idara hiyo na kundi la kompyuta kwa wakati mmoja, uwaeleze kila mmoja kwamba mwingine amepata barua ileile. Na lahaja usiziache zifunikwe na jina "Kiswahili": kwenye kila rekodi andika kama msemaji ni wa Lamu, Unguja, Lubumbashi au Dodoma, umri wake, na kifaa kilichorekodi. Yasipoandikwa siku ya kurekodi, baadaye hakuna atakayeyakumbuka.